Kuunda au Kufungua? Sanduku la Barua Baina ya Michakato katika Mfumo wa VMS

Mwanafunzi wa istilahi huzoezwa kutafuta kisawe cha neno la kigeni kwa kulichunguza neno lenyewe: asili yake, maumbo yake na visawe vilivyokwisha kupendekezwa na waliotangulia. Makala haya yanashikilia kwamba njia hiyo haitoshi panapohusika sayansi ya kompyuta. Huko, jina la kitu aghalabu ni sitiari, na sitiari haifasiriki kabla ya kujua kitu chenyewe hufanya kazi gani. Tutatumia mfano mmoja tu, yaani sanduku la barua ambalo programu mbili hulitumia kupashana habari, pamoja na wito unaolileta sanduku hilo duniani katika mfumo endeshi wa VMS. (Nitasema kompyuta, wala si tarakilishi wala ngamizi, ugomvi wa maneno hayo matatu una wenyewe.)

VMS ilitolewa mwaka 1978 na kampuni ya Marekani ya Digital Equipment Corporation kwa ajili ya kompyuta za VAX, zilizokuwa zimetangazwa mwaka uliotangulia. Kampuni hiyo haipo tena: ilinunuliwa na Compaq mwaka 1998, nayo Compaq ikamezwa na Hewlett-Packard mwaka 2002. Hata hivyo, mfumo wenyewe ungali hai kwa jina la OpenVMS. Tumeuchagua kwa kuwa ndani yake sanduku la barua linaitwa hivyo waziwazi, tofauti na mifumo mingine inayosema foleni au bomba.

Ni vyema kwanza kutenganisha programu na mchakato. Programu ni kama utenzi ulioandikwa ukawekwa kabatini. Mchakato ni utenzi huohuo unapoghaniwa. Manju wawili wanaweza kuughani utenzi mmoja katika vyumba viwili kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa amefika ubeti wake, wala hakuna amsikiaye mwenzake. Ndivyo ilivyo ndani ya kompyuta. Mfumo endeshi humpa kila mchakato eneo lake la kumbukumbu na kuuzuia kuchungulia la jirani. Kizuizi hicho ni kinga, kwani mchakato mmoja ukiharibika hauwaharibu wengine. Lakini ni kinga inayoleta upweke. Mchakato unaopokea maombi ya wateja utamwambiaje yule unaochapisha stakabadhi? Hauna budi kumpitia msimamizi, yaani mfumo endeshi, kwa ombi maalumu liitwalo wito wa mfumo.

Wito unaotuhusu huandikwa SYS$CREMBX. Mchakato unapoutoa, mfumo hutenga nafasi katika kumbukumbu yake wenyewe, huipa nafasi hiyo namba, na kuitambulisha kama kifaa: MBA na namba yake, kwa mfano MBA137. Kisha humkabidhi mwombaji mkondo, yaani haki ya kuandika na kusoma humo. Mwombaji anaweza pia kutaja ukubwa wa ujumbe mmoja, jumla ya baiti ambazo sanduku litazihifadhi kwa wakati mmoja, na nani aruhusiwe kulitumia. Asipotaja ukubwa, mfumo hutumia viwango vilivyowekwa na msimamizi wa kompyuta. Kuhusu ruhusa pana mtego: alama inayowekwa hapo hukataza, haikubali, kwa hivyo anayeacha sifuri amewaachia watu wote mlango wazi.

Mmarekani akisikia neno sanduku la barua huona kisanduku kilichosimama mbele ya nyumba yake, cha familia moja, kinacholetewa barua na tarishi. Msomaji wa Kenya huona kitu kingine: S.L.P. ile aliyofundishwa kuiandika kwenye pembe ya barua rasmi tangu shule ya msingi. Sanduku hilo halipo nyumbani. Lipo posta, katika jengo la mwingine, chini ya sheria za mwingine. Lina namba ambayo mwenyewe hakuichagua. Anayetaka barua yake sharti aende na ufunguo. Zaidi ya hayo, sanduku moja la shule au kanisa limewahi kuhudumia kijiji kizima. Kwa maoni yangu, S.L.P. inashabihiana na sanduku la VMS kuliko kile kisanduku cha Mmarekani. Nafasi ni ya mfumo, namba hutolewa na mfumo, na mkondo ndio ufunguo, ambao michakato mingi inaweza kuwa na nakala yake.

Mfananisho huu una mipaka, bila shaka. Barua katika sanduku la posta haina jina la kwanza wala la pili kutoka. Ndani ya VMS ujumbe hutoka kwa zamu, uliotangulia kuingia ukitangulia kutoka. Ujumbe uliokwisha kusomwa haupo tena, hata kama palikuwa na wasomaji wengine waliokuwa wakiusubiri. Na msomaji akija na chombo kidogo kuliko ujumbe, kwa kawaida sehemu iliyozidi hupotea.

Sasa tuje kwenye kitenzi. Jina SYS$CREMBX limefupishwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuunda sanduku la barua, na mfasiri mwenye kamusi mkononi ataandika kuunda bila kusita. Lakini tazama kinachotokea michakato miwili inapotoa wito huohuo ikitaja jina lilelile. Wa kwanza hupata sanduku jipya. Wa pili haundi chochote: mfumo huona kwamba sanduku la jina hilo lipo, ukampa mkondo wa kulifikia. Laiti wito huo ungekuwa wa kuunda tu, kila mchakato ungepata sanduku lake na pasingekuwa na mawasiliano. Uzuri wake ni kwamba michakato haihitaji kukubaliana nani afike kwanza.

Kiswahili kina kitenzi kilichokwisha kubeba maana hizo mbili: kufungua. Tunafungua duka ambalo halikuwapo, na kesho yake asubuhi tunalifungua lililokuwapo. Tunafungua akaunti, tunafungua mlango. Mifumo inayofuata kanuni za POSIX imeelekea hukohuko, kwani wito wake wa foleni za ujumbe, mq_open, una neno la kufungua katika jina lake, na anayetaka foleni mpya hulisema hilo kwa alama ya ziada. Pingamizi lipo: kufungua sanduku kwaweza kueleweka kuwa ni kusoma kilichomo. Pingamizi hilo lina uzito, ila naona madhara yake ni madogo kuliko ya kuunda.

Nasema hivyo kwa sababu ya kosa linalojulikana sana kwa wanaoandikia VMS. Jina la sanduku la muda, kwa kawaida, huwekwa katika orodha ya majina ya kazi moja tu, yaani mchakato mmoja na watoto wake. Mchakato wa kazi nyingine ukitaja jina lilelile hauoni kitu katika orodha yake, na kwa hivyo unaunda sanduku la pili. Hakuna onyo. Kila upande umepata mkondo, kila upande unaamini umeungana na mwenzake, na barua zinatiwa katika sanduku ambalo hakuna atakayelisoma. Mwanafunzi aliyefundishwa kuunda ataridhika kwamba wito umefaulu. Aliyefundishwa kufungua ana sababu ya kuuliza: nimefungua jipya, au lile nililolitaka?

Kosa hilo huandamana na jingine la kusubiriana. Isipokuwa mwandishi ameomba vinginevyo, kitendo cha kuandika hakikamiliki mpaka ujumbe usomwe. Michakato miwili ikiandikiana kwa pamoja katika masanduku mawili, kila mmoja ukingoja kusomwa kabla ya kusoma, yote miwili hukwama, na haitajikwamua yenyewe. Dawa ni kuomba kuandika na kuendelea papo hapo.

Kinyume cha kufungua ni kufunga, na hapa kitenzi chetu kinatumika kwa nusu tu. Sanduku la muda hutoweka mchakato wa mwisho unapouachia mkondo wake. Kila mmoja hufunga kwa upande wake, na wa mwisho hufunga kabisa. Sanduku la kudumu, ambalo huhitaji idhini kubwa zaidi kulipata, hubaki hata pasipo na mwenye mkondo. Hilo lina wito wake wa pekee, SYS$DELMBX, ambao nao hauliondoi papo hapo bali hulitia alama, likangoja mikondo yote iachiliwe. Kwa kitendo hicho sijapata neno linaloniridhisha kuliko kulihukumu kufutwa.