Mto wa Kitako: Istilahi Moja ya Ulengaji Shabaha

Mfasiri mmoja wa kanuni za michezo ametuuliza kama "mfuko wa nyuma" ni jina lifaalo kwa kifaa kinachotegemeza kitako cha bunduki katika ulengaji wa mezani, mchezo uliokulia Marekani. Tulipolisoma jina hilo mawazo yetu yalikwenda kwenye suruali. Mfuko wa nyuma ni ule mtu anaotilia pochi.

Ilitubidi basi tukitazame kifaa chenyewe. Mlengaji huketi mbele ya meza imara. Sehemu ya mbele ya bunduki hulazwa juu ya kiweko, na kitako juu ya kifuko kilichoshindiliwa mchanga, aghalabu cha ngozi. Kifuko hicho kina masikio mawili, na kitako hupita katikati yake kisiyumbe kushoto wala kulia. Utulivu huo ndio mchezo wenyewe, kwani kwa kawaida hupimwa jinsi matundu ya risasi yalivyokaribiana kwenye karatasi. Iwapo kiweko na kifuko vimeachana sentimita 60, na kitako kikazama milimita 1 tu, risasi itapanda kiasi cha sentimita 15 kwenye shabaha iliyo mita 90.

Kosa la mfasiri wetu, ambalo sisi pia tumepata kulifanya, ni kutafsiri neno badala ya kitu. "Mfuko wa mchanga" lingesaidia kidogo, lakini huleta picha ya mahandaki na mafuriko. Tuliijadili pia "ngata". Nayo hubeba mzigo, ila ni ya kichwani na haina masikio. Tumependelea "mto", kwa kuwa mto hupokea kinacholazwa juu yake na kukituliza. Tunapendekeza, kwa hiyo, "mto wa kitako", "masikio ya mto" na "kiweko cha mbele".

Lipo jambo moja zaidi, nalo ni zito kuliko majina. Mlengaji hurekebisha shabaha kwa kuuminya mto kwa mkono. Rasimu tuliyoletewa ilisema, "minya mfuko ili kuinua", bila kutaja kinachoinuliwa. Mto ukiminywa hufura kwenda juu. Kitako huinuka, na mtutu huinama. Mwanafunzi aliyedhani kwamba mtutu ndio unaoinuka atapiga chini ya alipokusudia, na kila akijisahihisha atazidi kushuka. Iandikwe hivi: "Minya mto ili kuinua kitako na kushusha mtutu."