Kabla hujamlipa masoni, angalia mshono wa meza ya jikoni

Kwenye meza ya jiko langu kuna mstari mwekundu. Haukupakwa rangi. Ni mawese. Kila nikipakua sombe, tone linaloanguka linatafuta njia mpaka kwenye ule mstari, linaingia, na halitoki tena hata nikisugua kwa majivu na sabuni.

Meza yenyewe ni ya betoni, urefu mita 2, upana sentimita 60. Imekaa juu ya kuta tatu fupi za matofali, na chini yake naweka makala na masufuria. Pesa ilitoka kwenye mgawanyo wa AVEC. Mwaka mzima nilinunua hisa nikiwaza jambo moja: niache kuinama na kukatia mboga chini, palipo na kuku na watoto. Masoni alianza asubuhi, ilipofika saa tisa simenti ikamwishia, akaendelea kesho yake alipopata nyingine. Mimi nilikuwa Uvira sokoni. Niliporudi, meza ilikuwa imelainishwa, inang'aa, nikamlipa yote. Mstari ulijitokeza baada ya wiki tatu.

Tangu hapo sipiti jikoni kwa mtu bila kuinama kuangalia meza yake. Wengine wananicheka.

Nimejifunza kwamba mshono kuonekana si kosa peke yake. Betoni ya jana na betoni ya leo hazishikani kama kitu kimoja. Kiungo kitakuwepo tu, hata ukifunika na simenti laini juu. Swali ni kiungo kiko wapi. Kikiwa juu ya ukuta wa katikati, kimenyooka, kila upande una pa kukaa na meza itadumu. Kikiwa katikati ya nafasi, ambapo chini hakuna tofali, uzito wote wa masufuria unavuta pale pale. Changu ndiko kiliko. Na fundi anayejua kazi akilazimika kusimama, anaacha ukingo wa betoni ukiwa na makwaruzo, kesho anaulowesha, anaupaka uji mzito wa simenti, ndipo anamwaga nyingine. Kwangu alimwaga juu ya ukingo mkavu. Nimejua kwa sababu nilipoingiza kisu ndani ya mstari, kilienda chini bila kugusa kitu.

Simenti yenyewe si nyingi. Meza kama yangu, unene sentimita 7, inamezwa na mfuko mmoja wa kilo 50 na bado kidogo kinabaki. Lakini sehemu ya mfuko wangu ilikuwa imekwenda kwenye kuta na kupiga lipu. Nunua miwili kabla kazi haijaanza, mwambie masoni kwamba siku ya kumwaga meza inamwagwa yote mara moja, hata kama mtaanza saa kumi na mbili asubuhi.

Na siku hiyo usiende sokoni. Kuna vitu ambavyo baadaye hakuna jicho la kuviona. Vyuma, kwa mfano. Kati ya ukuta na ukuta, betoni inavutika upande wa chini, kwa hiyo vyuma vikae karibu na chini, ila visilale juu ya mbao za kofraji: vinyanyuliwe kwa vijiwe vya sentimita 2. Vikilala kwenye mbao, mwaka unaofuata utaona mistari ya kutu ukichungulia chini ya meza. Angalia na mchanga. Tia kiasi kwenye chupa ya maji, tikisa, acha mpaka maji yawe safi. Udongo utakaa juu ya mchanga kama tabaka. Tabaka likiwa nene, mchanga huo uoshwe au ubadilishwe, haidhuru umetoka mtoni au pembeni ya ziwa.

Baada ya kumwaga, kazi ni yako zaidi kuliko ya fundi. Funika na magunia yaliyolowa na uyamwagilie asubuhi na jioni kwa siku 7. Betoni haikauki ndiyo ikawa ngumu. Inakuwa ngumu kwa kunywa maji taratibu. Jua letu la kiangazi likiipiga siku ya kwanza, inatoa nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Hizo hazitavunja meza, lakini zinanywa mafuta na maji ya muhogo, na yale maji ya muhogo ulioloweshwa ni makali, yanakula simenti polepole. Ndimu vilevile. Mbao za chini ziache wiki mbili.

Sasa siku ya kulipa. Mimi nilitazama kutoka juu, mchana, kama mgeni. Afadhali uende jioni na tochi, uilaze juu ya meza mwanga utambae: kila bonde na kila mlima utatoa kivuli. Pitisha ukucha kwenye mshono. Ukikwama, uchafu nao utakwama. Kwaruza na msumari. Ukitoa unga kama wa chaki, mchanga ulizidi au maji hayakutosha. Mwisho mwaga kikombe cha maji na usiseme kitu, tazama tu yanaelekea wapi. Meza nzuri inainama kidogo sana, sentimita 1 kwa mita 1, kuelekea upande wa nje. Maji yakisimama katikati, hapo nzi watakuwa na ziwa lao. Yakikimbilia ukutani, hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Wengi wetu tuna kuta za tofali mbichi. Kona ya meza na ukuta isipozibwa vizuri, maji yanaingia kila siku kidogo kidogo, tofali linarudi kuwa udongo, na utashangaa mvua haikunyesha lakini ukuta umelowa.

Mwenye karo asifikiri yeye amepona. Karo ni mishono mingi kuliko yote. Zigonge moja moja kwa sarafu au ufunguo: inayolia kama ngoma haikushika chini, itavunjika siku utakapoweka sufuria ya bugali.

Sisemi haya kwa sababu ya urembo. Sisi wa Uvira na Fizi tunakijua kipindupindu, hatukukisoma kwenye kitabu. Kijidudu chake hakipendi mahali pakavu. Kinapenda unyevu, na ufa wenye masalio ya samaki na maji ya ziwa ni nyumba nzuri kwake. Meza inayokauka mapema baada ya kupanguswa ni kinga pamoja na maji ya klori na kunawa mikono.

Kuhusu malipo, mimi sasa ningegawa mara tatu: avansi, fungu la pili siku ya kumwaga, na la mwisho mbao zikiisha kutolewa na kikombe cha maji kimepita. Masoni mzuri hatakasirika. Aliyekasirika kwa mwenzetu mmoja aliomba muda, akarudi kesho yake na kuziba kona.

Meza yangu je? Nimemwita masoni mwingine. Amejenga ukuta wa nne chini ya ule mstari, ameupanua kwa patasi, ameulowesha, ameuziba kwa simenti na mchanga laini sawa kwa sawa. Leo ni siku ya nne, magunia bado yako juu. Mawese sijayaweka.