Mpira wa Magome ya Migomba: Kweli au Uongo?

Kama umekulia Bukoba au Muleba, mkoani Kagera, huenda mpira wako wa kwanza haukutoka dukani. Ulifungwa kwa magome makavu ya migomba, nyuma ya nyumba, na mtoto aliyekuzidi umri kidogo. Pamoja na mpira huo ulirithi maneno mengi juu yake. Tuyapime.

"Huo si mpira halisi." Uongo. Huko Myanmar wanacheza chinlone, na mpira wake hufumwa kwa mkono kwa henzirani. Soka nalo lilitegemea mikono ya mafundi: katika fainali ya Kombe la Dunia ya 1930, Argentina na Uruguay zilishindwa kukubaliana mpira upi utumike, kila timu ikitaka wake. Kipindi cha kwanza ulichezwa wa Argentina, wakaongoza 2-1. Cha pili ukaingia wa Uruguay, nao wakashinda 4-2. Ilikuwa mipira ya ngozi iliyoshonwa kwa mkono. Mtoto wa Kamachumu anayebishana na wenzake kwamba mpira alioufunga yeye ndio bora ana watangulizi wakubwa.

"Gome la mgomba ni dhaifu." Uongo, ingawa naelewa kwa nini watu husema hivyo. Ukilivuta kwa upana linachanika mara moja. Sasa livute kwa urefu, uone. Mgomba si mti. Kile tunachokiita shina ni sehemu za chini za majani zilizokumbatiana tabaka kwa tabaka, na nyuzi zake hupanda wima kuelekea kwenye jani. Ukizisokota zinabanana, na kila uzi unashikiliwa na jirani yake. Abaka, ndugu wa mgomba anayeoteshwa Ufilipino, ilisukwa kuwa kamba za meli kwa miaka mingi, na Wajapani huitumia kwenye karatasi ya noti zao.

"Gome bichi linafungika vizuri zaidi." Uongo. Sehemu kubwa ya gome bichi ni maji. Yakikauka gome linasinyaa, mafundo yanalegea, na mpira unafumuka katikati ya mchezo. Utomvu nao ukigusa shati, doa halitoki. Hapa wazee walikuwa sahihi tangu zamani: chukua gome lililokaukia mgombani, kisha lilowanishe kidogo kabla ya kusokota. Kavu kupita kiasi linavunjika vipande. Lenye unyevu kidogo linapinda bila kukatika.

"Bila mfuko wa nailoni ndani, hakuna mpira." Uongo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Tanzania Juni 1, 2019, na watoto hawakuacha kucheza. Majani makavu ya mgomba yaliyofinyangwa yanatosha kuwa kiini.

"Haudundi." Kweli kabisa, na tusidanganyane. Mpira wa dukani hudunda kwa sababu hewa iliyobanwa ndani husukuma kurudi. Magome yanapopigwa chini hubonyea na kumeza nguvu yote. Ndiyo maana mchezo wake ni wa pasi za chini na chenga za karibu.

"Ukilowa, uanike juani." Uongo. Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, kwa hiyo mpira utalowa tu, na ukilowa unakuwa mzito. Lakini jua kali huyafanya magome yakatike ovyo. Ning'iniza kivulini, kisha kaza upya kamba ya nje.

"Usivue magome yote, kibanja kitalia." Kweli, na kibanja ni shamba la migomba la nyumbani. Magome na majani yanayobaki chini ni matandazo. Hutunza unyevu na kuoza kuwa mbolea. Mpira mmoja hauhitaji zaidi ya migomba michache.

Nimeliweka mwisho kwa makusudi neno linaloniumiza zaidi: "Mgomba uliokufa kwa mnyauko hauna tena madhara, vua tu." Uongo, tena wa hatari. Mnyauko huu ni ugonjwa wa migomba unaoletwa na bakteria, na tangu ulipoingia Kagera miaka ya 2005 na 2006, Muleba ikiwa miongoni mwa wilaya za kwanza, umeteketeza vibanja vya familia zilizotegemea ndizi kwa chakula na kwa fedha. Mabaki ya mgomba mgonjwa yanaweza kubeba vimelea, na panga lililomkata mgonjwa huupeleka ugonjwa kwa mzima. Vua magome kwenye mgomba mzima tu, wa kibanja chenu, na panga lipitishwe motoni kabla ya kuhamia shina jingine. Wadudu nao hueneza ugonjwa kupitia ua dume linaloning'inia chini ya mkungu, kwa hiyo livunjwe mara chane ya mwisho inapotokea, kwa mti mrefu wenye panda, bila kugusa panga. Mtoto mwenye mikono ya kufunga mpira anaweza kuchonga mti huo na kuifanya kazi hiyo barabara.