Kigoma: Ufuko Upo, Muuzaji Wake Ni Nani?

Mwaka 2024 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 2.1, na Zanzibar nayo ikahesabu wageni zaidi ya 736,000. Mtu anayetaka siku tatu za kupumzika kando ya maji, awe anatoka Nairobi, Mwanza au Munich, karibu kila mara huelekezwa Nungwi, Paje au Diani. Kigoma haitajwi. Kwa wengi Kigoma ni mwisho wa reli, ni dagaa na mawese, ni mahali anapopelekwa mtumishi aliyehamishwa kikazi. Kwamba pana ufuko wa kuogelea, mchanga wake ukiwa umekaa katikati ya miamba na maji yake maangavu, ni habari ambayo hata Watanzania wengi hawajaisikia.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachofika mita 1,470. Duniani kote ni Baikal la Urusi pekee linalolizidi kwa kina. Maji yake hayana chumvi, na mgeni aliyezoea Paje, ambako maji yakipwa inabidi uyafuate mbali, atagundua haraka faida ya ziwa: hakuna kupwa wala kujaa, na saa yoyote ya mchana unaingia majini. Kwenye miamba wamejaa samaki wadogo wa rangi, wengi wao hawapatikani popote pengine duniani, na wapo watu nje wanaowanunua kwa ajili ya matangi ya kioo sebuleni. Jioni jua linazama nyuma ya milima ya Kongo.

Bidhaa ipo, basi. Tatizo ni kwamba hoteli nyingi za Kigoma bado zinauza kitanda, na ziwa zimeliacha lijiuze lenyewe. Ndiyo maana mgeni wa siku chache inampasa achague ufuko na boti kwanza, chumba baadaye.

Sababu iko katika historia ya mji. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na mwaka uliofuata Wajerumani wakateremsha majini meli iliyoletwa vipande vipande kutoka Papenburg, ile ambayo Waingereza waliiita baadaye Liemba. Tangu hapo wageni wa Kigoma wamekuwa watu wa kazi: maofisa wa serikali, wafanyabiashara wa Kongo na Burundi, mabaharia, watu wa bandari. Halafu wakaja watu wa misaada. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, na mwaka 2015 maelfu ya Warundi walivuka hadi kijiji cha Kagunga na kusombwa na Liemba hadi mjini. Kwa miaka yote hiyo mashirika ya Umoja wa Mataifa na mashirika yasiyo ya kiserikali yamekuwa nguzo ya biashara ya vyumba mkoani.

Mgeni wa aina hiyo analipiwa na ofisi. Anachotaka ni intaneti isiyokatika, jenereta, maegesho yenye mlinzi, ukumbi wa semina na risiti ya mashine. Hoteli zikajengwa kwa kipimo chake, na hakuna wa kuzilaumu. Lakini ukiingia na mke na watoto wawili, ukauliza ni wapi watoto wataogelea salama, unaweza kujibiwa na mtu wa mapokezi ambaye swali hilo halijawahi kuwa sehemu ya kazi yake. Na sasa nguzo yenyewe inatikisika: mwaka 2025 Marekani ilikata kwa ukali misaada yake ya nje, mashirika yakapunguza watu. Anayetegemea semina peke yake ana sababu ya kugeuza viti vitazame majini.

Mjini chaguo si pana, lakini lina tofauti za kweli. Lake Tanganyika Hotel, ambayo zamani ilijulikana kama Railway Hotel, iko chini kabisa, bustani yake ikiteremka hadi ufukweni, karibu na bandari na stesheni. Faida yake ni ukaribu: unashuka kwenye treni na baada ya muda mfupi uko kwenye kiti cha bustani ukitazama maji. Kasoro ya kuwa karibu na bandari ni hiyo hiyo bandari; ghuba ya mji inapokea meli, mafuta na maji ya mitaro, na mimi nisingemshauri mtu achague ghuba hiyo kama mahali pake pa kuogelea. Kigoma Hilltop ilijengwa juu ya kilima, na hapo unachonunua ni mandhari: ziwa lote liko chini yako. Mzazi mwenye mtoto mdogo, au mtu mwenye magoti mabovu, aulize ngazi za kushuka majini ni ngapi kabla ya kulipa.

Ufuko wenyewe hasa uko nje kidogo ya mji, upande wa Katonga, kwenye Jakobsen Beach. Ni vighuba vidogo vya mchanga vilivyofichwa na miti, vyenye nyumba za wageni na sehemu ya mahema, na mtu asiyelala hapo huruhusiwa kuingia kwa kiingilio cha siku. Hii ndiyo sehemu ya Kigoma ambayo ningemtuma rafiki yangu bila kusita. Lakini hakuna utitiri wa wahudumu. Watu hubeba chakula chao, hupika wenyewe, hukaa kimya. Anayetaka muziki, samaki wa kuchoma na watu wengi arudi mjini jioni.

Swali la kuuliza kabla ya kuweka nafasi ya chumba, popote kwenye mwambao huu, ni maji yakoje mbele ya hoteli. Ziwa Tanganyika ni safi, ila kichocho kipo. Hatari huwa kubwa penye maji yaliyotulia, matete na makazi ya watu wengi, na hupungua penye miamba, kina na mawimbi. Mamba na viboko hawako kila mahali, lakini wapo, na wavuvi wa eneo husika wanajua ni wapi. Hoteli inayojiheshimu inapaswa kuyajua haya na kuyasema bila kusukumwa. Uliza pia juu ya upepo. Miezi ya kiangazi, kuanzia Mei hadi Agosti, kusi huvuma na ziwa huchafuka. Ghuba iliyokingwa na rasi huwa tulivu siku ambayo ufuko ulio wazi hauingiliki. Umeme siku hizi si kero kama zamani, kwa kuwa kuanzia mwaka 2022 gridi ya taifa ilianza kuingia mkoani, baada ya miaka mingi ya kutegemea majenereta ya dizeli. Katika bei ya chumba cha Kigoma kulikuwa na mafuta mengi ya jenereta. Mgeni ana haki ya kutarajia unafuu wa gridi uonekane katika bei hiyo.

Chakula ndicho kitu ambacho Kigoma ingeweza kukiuza vizuri kuliko miji mingi ya pwani. Mgebuka wa kukaanga, kuhe, sangala, dagaa wa mawese na ugali wa muhogo: hivi vyote vinatoka umbali wa kutupa jiwe. Bado kuna hoteli ambako orodha ya chakula inaanza na kuku na chipsi, samaki akitajwa mwishoni kama wa kuombwa. Naliona hilo kuwa hasara ya biashara, kwa sababu mtu haruki kutoka Dar es Salaam aje ale chipsi. Ila mgeni ajiandae na jambo moja. Mwaka 2024 Tanzania, kwa makubaliano na nchi jirani, ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Miezi hiyo inaingia moja kwa moja katika msimu wa watalii wa kiangazi. Hatua yenyewe ni ya lazima, kwa sababu bila samaki mwambao huu hauna uchumi wa kuzungumziwa. Hoteli zinazofikiri mbele hununua na kugandisha mapema, au hukaanga na kukausha kama mama zetu wanavyofanya siku zote, na mgeni hakosi kitoweo cha ziwani.

Sasa boti, na hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Wengi wa wageni wa kigeni hawaji Kigoma kwa ajili ya Kigoma. Wanakuja kwa sokwe wa Gombe, ambako Jane Goodall alifika Julai 1960 na ambako palifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968. Kiingilio cha mtu mzima kutoka nje kimekuwa dola 100 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani, juu kuliko hata cha Serengeti. Mtanzania hulipa kwa shilingi, sehemu ndogo sana ya hicho. Kinachotisha mfuko wa wote wawili ni usafiri. Boti ya kukodi huhesabiwa kwa boti, si kwa kichwa, kwa hiyo wapenzi wawili hulipa sawa na kundi la watu wanane. Boti za abiria za kutoka mwalo wa Kibirizi, zinazopitia Gombe, ni nafuu, lakini zinafuata mahitaji ya wanakijiji, kama inavyostahili: huondoka mchana kwenda vijiji vya kaskazini na kurudi mjini asubuhi. Anayezitumia inabidi alale Gombe usiku mara mbili ili apate siku moja kamili ya kutafuta sokwe. Mwenye usiku tatu tu, hesabu hiyo imemlia safari karibu yote. Boti moja ya pamoja inayoondoka alfajiri na kurudi jioni, ikiuzwa kwa kiti katika mapokezi ya hoteli zote, ingebadilisha hesabu za mji mzima.

Kusini zaidi biashara inaendeshwa kwa namna nyingine kabisa. Mahale, iliyotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1985, haina barabara ndani yake. Kambi za kifahari kama Greystoke ziko kwenye mchanga mweupe, milima ikiwa mgongoni, na bei ya usiku mmoja kwa mtu mmoja katika msimu wa juu huzidi dola 1,000. Wageni huletwa na ndege ndogo, kwa kawaida mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, kisha huendelea kwa boti. Ratiba hiyo ndiyo inayopanga likizo: unakaa usiku tatu au nne, upende usipende. Na bei hukusanya kila kitu, kuanzia chakula na kinywaji hadi boti na muongozaji. Mtindo huu wa bei moja ya yote unajulikana sana katika hoteli za visiwa vya Karibea. Kampuni ya Sandals ilianza nao Montego Bay, Jamaika, mwaka 1981. Kule shabaha ilikuwa mgeni asihesabu senti likizoni. Huku Mahale mtindo huo ni wa lazima, kwa kuwa hakuna duka wala mgahawa wa pili. Mwenye kipato cha kawaida anaweza kufika kwa boti kutoka Kigoma na kulala kwenye mabanda ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), lakini safari hiyo haiingii katika siku tatu, na wakala anayemwambia inaingia hamtendei haki.

Ujiji inastahili zaidi ya inachopata. Ndiyo mji wa kale, mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo, mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Mgeni huletwa kwenye makumbusho, huonyeshwa mwembe, hupiga picha, kisha hurudi kulala Kigoma. Mafundi wa mitumbwi wanaochonga mbao ufukweni humwona akipita. Naamini nyumba chache za Waswahili wa Ujiji, zenye baraza na ua, zikitengenezwa kwa wageni wanne au sita, zingeacha fedha nyingi zaidi mtaani kuliko jengo lolote jipya la ghorofa.

Mwekezaji anayetaka kujenga atazame ardhi kwa makini. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na ziwa hili lina tabia ya kukumbusha kwa nini. Katika miaka ya 1870 lilijaa hadi likajipasulia njia kwa mto Lukuga upande wa Kongo, kisha likashuka mita nyingi. Kumbukumbu ya Livingstone leo iko mbali na maji. Mwaka 2021 na tena 2024 lilipanda, Bujumbura ikafurika, na upande wetu wenye nyumba na mialo ya chini wakaonja. Mgeni naye anaweza kulitumia hili kama kipimo: hoteli iliyojenga vyumba vyake karibu kupita kiasi inauza mandhari ambayo mvua za mwaka mmoja zinaweza kuyaingiza chumbani.

Mkataba wa reli ya kisasa kati ya Tabora na Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Siku treni hiyo itakapoanza kazi, mtumishi wa Dodoma au Tabora ataweza kuja mwishoni mwa wiki bila ndege, na huyo ndiye mteja ambaye hoteli za Kigoma hazijawahi kumpanga kwenye vitabu vyao. Manispaa ya Kigoma-Ujiji, TANAPA na wenye hoteli wana muda wote wa ujenzi huo wa kukubaliana mambo mawili: boti ya pamoja ya alfajiri kwenda Gombe, na ufuko mmoja wa mjini uliopimwa maji, wenye mlinzi wa waogeleaji, ulio wazi kwa kila mtu.