Sura ya Saba: Makabati Madogo ya Zana

Katika sura zilizotangulia tumezisema zana zenyewe, namna ya kuzichagua na namna ya kuzinoa. Sasa yatupasa kusema habari za makazi yake, kwani nyundo njema isiyojulikana iliko haina tafauti na nyundo isiyonunuliwa. Nitaisema habari hii kwa kuutazama mji wa Lubumbashi, hususan mtaa wa Karavia, ambao wageni hulijua jina lake kwa ajili ya ile hoteli kubwa iliyo kando ya ziwa, karibu na uwanja wa gofu, ilhali wenyeji wanajua kwamba nyuma ya kuta za viwanja vyake mna mabanda ya magari ambayo kulaza gari ndiyo kazi yake iliyo ndogo kuliko zote.

Mabanda hayo hayakuzuka bure. Reli kutoka kusini iliufikia mji huu mwaka 1910, mwaka ule ule ulipoasisiwa kwa jina la Élisabethville, na mwaka 1911 tanuri ya Union Minière ikayeyusha shaba yake ya kwanza. Na tangu hapo, kizazi baada ya kizazi, watu wa mji walifundishwa katika karakana za reli na za migodi kukereza chuma, kuchomelea, kufungua mota na kuifunga tena ikazunguka. Shirika lilipotwaliwa na serikali mwaka 1967, likaja kuitwa Gécamines, ujuzi huo haukukatika. Kisha ikaja dhiki, na kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines kuanzia mwaka 2003, kila mmoja na malipo yake ya mwisho mkononi na maarifa yake kichwani. Wengi wa mafundi hao hawakupata karakana nyingine ila ile waliyoweza kuifanya nyumbani kwao, na wanao wakaikuta humo.

Sasa mtu aliye na banda la namna hiyo, akipata fedha kidogo, jambo la kwanza alifikirilo ni kununua almari kubwa, ya chuma au ya mbao, yenye milango miwili na kimo cha mita 2, aisimamishe kwenye ukuta wa nyuma na kuzitia humo zana zake zote. Simlaumu, kwani almari kubwa ina haiba yake, na milango ikishafungwa banda zima huonekana nadhifu. Walakini tazama yatendekayo ndani. Rafu yenye kina cha sentimita 60 hubeba safu tatu au nne za vitu, moja nyuma ya nyingine, na ile ya nyuma haionekani mpaka za mbele ziondolewe. Basi mtu atafutaye keekee huliondoa kopo la misumari, akaliweka sakafuni kwa muda, na muda huo aghalabu haumaliziki. Kabati dogo lenye kina cha sentimita 25 au 30 halina nyuma: ukilifungua umekwisha kuona kila kilichomo. Mafundi seremala wa pwani walilifahamu jambo hili zamani, maana makasha mengi ya Unguja na ya Lamu, pamoja na ukubwa wake wote, yalitiwa watoto wa kuvuta upande wa chini, na ndani, pembeni, kishubaka chenye kifuniko chake, ili vitu vidogo visizame katika tumbo la kasha.

Kanuni niifuatayo mimi ni kwamba makabati yagawanywe kwa kazi. Wako wanaogawanya kwa jinsi, wakaweka nyundo zote pamoja, koleo zote pamoja na misumeno yote pamoja, na mpango huo hupendeza kuutazama. Ila siku taa ya jikoni inapozimika, mwenye nyumba hulazimika kupita makabati manne kabla hajapanda ngazi. Bora liwepo kabati la umeme, ndani yake bisibisi ya kupimia, koleo zenye mipini ya plastiki, utepe na fyuzi. Liwepo la maji, lenye spana ya bomba, katani na washa. Liwepo la useremala, lenye randa, patasi, msasa, timazi na pimamaji. Utaniambia kwamba kwa mpango huu bisibisi itabidi iwe katika makabati mawili, na nyundo pia. Naam, itabidi, na bei ya bisibisi ya pili ni ndogo kuliko bei ya saa zinazopotea kuitafuta ile ya kwanza.

Kabati la gari ndilo litakalo hadhari kubwa zaidi, na sababu yake ni mahali mji ulipo. Magari mengi ya Japani yaliyokwisha kutumika huteremshwa Dar es Salaam, yakavuka Zambia na kuingia kwa mpaka wa Kasumbalesa, na bolti zake ni za milimita: 10, 12, 14, 17. Lakini banda hilo hilo huweza kuwa na pampu au mashine kuukuu ya Kiingereza au ya Kimarekani, ambayo bolti zake ni za inchi. Hapo ndipo vichwa vya bolti huharibiwa. Spana ya milimita 13 huingia katika kichwa cha nusu inchi bila kukataa, kwa kuwa nusu inchi ni milimita 12.7, na mkono hauhisi kasoro ya sehemu tatu za kumi ya milimita; lakini bolti ikiwa imeshika kutu, na mtu akaivuta kwa nguvu, pembe sita za kichwa hulika moja baada ya moja mpaka kikawa mviringo, na tangu hapo kazi ya dakika tano huwa kazi ya tindo na msumeno. Kinyume chake, ile ya 19 na ile ya robo tatu inchi zinakaribiana mno, kwani robo tatu inchi ni milimita 19.05, na ukaribu huo ndio umpao mtu ujasiri wa kudhani kwamba zote hulingana vivyo hivyo. Dawa yake ni makabati mawili madogo yaliyotengana, moja limepakwa rangi nyeupe kwa milimita na moja nyekundu kwa inchi, yakatundikwa pande mbili za banda ili mkono usiteleze kutoka moja hadi jingine. Mdogo mtu akiuliza, kwa Kiswahili cha mji ambamo spana ni kle, “Yaya, kle ya kumi na tatu iko wapi?”, aliye chini ya gari hana haja ya kutoka, hujibu tu, “Mu kabati nyeupe, juu.”

Nakuja sasa kwenye adui wa zana, ambaye ni hewa yenyewe. Mvua ya Lubumbashi huanza takriban mwezi wa Novemba na kukoma Aprili, na miezi iliyosalia ni ya ukavu, yenye mavumbi mekundu yapenyayo kila ufa. Chuma kisicho na mafuta huanza kushika kutu kwa kasi pindi unyevu wa hewa unapopita kiasi cha asilimia 60, na katika masika hewa ya mji hukaa juu ya kiasi hicho siku nyingi. Fauka ya hayo, sakafu ya saruji, ambayo ni baridi kuliko hewa iingiayo mlangoni, hutoka jasho, na kila kilichowekwa chini hulowa kwa upande usioonekana. Mji huu ulikuwa na balaa yake nyingine pia, yaani moshi wa tanuri ya shaba, ambao kwa miaka mingi uliziua nyasi na miti upande ulikoelekea upepo, kwa ajili ya salfa iliyokuwamo. Na salfa ikikutana na unyevu hukila chuma upesi kuliko maji matupu.

Kwa maoni yangu hapa ndipo ilipo hoja iliyo nzito kuliko zote ya kuyatetea makabati madogo, ijapokuwa wauzaji wa makabati hawaitaji. Almari kubwa hufunguliwa kila mara, kwa kuwa kila kitu kimo humo, na kila inapofunguliwa hewa mbichi huzizunguka zana zote, hata randa isiyoguswa tangu mwaka jana. Makabati yakiwa matano au sita, lile la useremala huweza kufungwa mwezi mzima pasipo hewa yake kubadilika, madhali mlango wake umetiwa utepe wa mpira kandokando na zana zilifutwa kwa kitambaa chenye mafuta kabla ya kurudishwa. Mafuta hayo yasisahauliwe, kwa maana jasho la kiganja lina chumvi, na alama ya vidole juu ya bapa la patasi huonekana baada ya siku chache, nyekundu, kwa umbo la vidole vyenyewe.

Mbao nazo zina mlaji wake. Aliyepata kutoka nje ya mji hata kidogo ameviona vichuguu vya Katanga, vyenye kimo cha mita kadhaa, vilivyomea miti juu yake. Na huko mjini vingi vimechimbwa na udongo wake kufyatuliwa matofali, ambayo huchomwa na kujengewa nyumba, hata kwamba yawezekana ukuta wa banda lako ulikuwa jumba la mchwa. Wenyewe hawajahama. Hujenga njia zao za udongo, nyembamba kama penseli, zikipanda ukutani mpaka mgongoni mwa kabati, na mtu asizitambue mpaka siku rafu itakapomong'onyoka mkononi. Kwa hiyo kabati la mbao lisigusane na ukuta: liachiwe nafasi ya sentimita 5, ili macho yapite, na kama lina miguu iwe ya chuma, ya sentimita 15 walau. Mninga, ule uitwao mukwa huko Zambia, huwastahimili mchwa vizuri na haupindiki; mbao laini za bei nafuu ni chakula chao. Asiyeweza kupata mninga na amwendee mchomeleaji, ampe vipimo vyake, akatengenezewe la bati.

Katika kulitundika, kumbuka kwamba lita 1 ya chuma kitupu ina uzito wa karibu kilo 8, na kabati dogo lililojaa spana huvuta ukuta kuliko lidhaniwavyo. Parafujo isitiwe katika kiungo kati ya tofali na tofali, hasa katika nyumba zilizojengwa kwa udongo badala ya saruji. Njia salama ni kufunga kwanza ubao mmoja mrefu, ulioshikwa na matofali matano au sita, kisha makabati yote yatundikwe juu ya ubao huo. Na mpangaji akihama, hufungua parafujo zake, akaondoka na makabati yake yakipita mlango wowote, jambo ambalo mwenye almari ya mita 2 hana budi kuliomba kwa Mungu.

Petroli ya jenereta, ambayo nyumba nyingi huiweka kwa ajili ya kukatika kwa umeme, haina kabati humu. Na ikae nje, katika sitara yenye kupitisha hewa.

Kuhusu usafi na mpangilio wa kila siku sina la kuongeza juu ya ile taratibu ya Kijapani iliyoenea Tanzania kwa njia ya hospitali, kuanzia ile ya rufaa ya Mbeya mwaka 2007, ambayo wenyewe huisoma kwa Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Katika hatua hizo, ya kwanza ndiyo inayokwepwa mabandani, maana hakuna mtu apendaye kutupa kipande cha bomba.

Limebaki suala la majirani. Katika karakana kubwa za reli na za migodi, sehemu nyingi za dunia, kila fundi alipewa visahani vya shaba vyenye namba yake, na akichukua zana ghalani huacha kisahani kwenye msumari wake, ili ajulikane aliyenayo. Nyumbani visahani havihitajiki. Kipande cha chaki kilichofungwa kwa uzi ndani ya mlango wa kila kabati chatosha. Aazimaye huandikwa jina lake na siku, mbele ya macho yake, kisha hufutwa arudishapo. Na kwa kuwa mlango ni mdogo, majina hayazidi manne, na la tano halina pa kuandikwa mpaka mmoja arejeshe. Mjomba wako akija kuchukua jeki, jina lake na liandikwe vile vile.