UPIMAJI WA ULEVI KAZINI: MAELEZO KWA WATUMISHI NA WAOMBAJI KAZI

Wakazi wa Ngumbo wanafahamishwa kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka waajiriwa wapimwe afya kabla ya kuanza kazi. Upimaji ukihusu ulevi, izingatiwe kwamba pombe hutoka mwilini baada ya saa kadhaa, lakini mabaki ya bangi huweza kuonekana katika mkojo siku nyingi baada ya ulevi kwisha. Aidha, dawa yenye kodeini huweza kutoa jibu la afyuni. Hivyo anayepimwa ataje kwanza dawa anazotumia, na chupa ifungwe kwa lakiri mbele yake. Si haki mtu kunyimwa kazi kwa jibu la awali lisilothibitishwa na maabara. Manahodha na madereva nao wakumbuke: kinga ya abiria ni utimamu wao.