Kikombe cha Chai Kilichokwenda Mkutanoni

Ukitaka kujua neno "moto" lina maana ngapi, nenda Kariakoo jioni ukakae kwenye benchi la muuza kahawa, pembeni ya Mtaa wa Msimbazi. Birika liko juu ya jiko la mkaa, vikombe ni vile vidogo visivyo na mkono, kashata ziko kwenye sahani. Jirani yako anasema kahawa imepoa. Wewe hapo ulimi umeshaungua. Mwenye kahawa, babu mmoja ambaye wateja wote tunamwita Babu tu, anacheka na kuongeza mkaa.

Nitarudi kwa Babu. Kwanza nikupeleke ukumbini.

Miezi kadhaa iliyopita nilihudhuria mkutano wa kitabibu hapa hapa Dar, nikiwa na bango langu moja la utafiti chini ya kwapa. Idara moja ya chuo kikuu, ya magonjwa ya mfumo wa chakula na ini, ilikuwa na siku nzuri sana. Mihtasari yao mingi ilikubaliwa, kijana wao mmoja alipata cheti cha wasilisho bora, na jioni picha zikajaa kwenye magrupu ya WhatsApp: suti, maua, makofi. Chini ya picha kumeandikwa "Mafanikio makubwa". Dada yangu, ambaye ni mhasibu, akaniuliza swali moja tu: "Mafanikio gani sasa? Wamemtibu nani?"

Nilianza kumjibu nikajikuta nababaika. Makala hii ndiyo jibu langu kwake, na kwako wewe uliyewahi kuona picha kama hizo ukajiuliza hivyo hivyo.

Ukumbini kinachopelekwa ni muhtasari: maneno mia mbili au mia tatu yanayoeleza ulichouliza, ulivyopima na ulichokipata. Kamati inausoma na kuamua. Kamati nayo hukosea. Mwaka 1983 daktari kijana wa Australia, Barry Marshall, alipeleka muhtasari kwenye chama cha madaktari wa mfumo wa chakula cha nchi yake, akieleza bakteria walioonekana kwenye tumbo la wagonjwa wa vidonda. Kati ya mihtasari 67 walikubali 56, na wake haukuwamo. Mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi hiyo hiyo, na ndiyo sababu leo vidonda vya tumbo vinatibiwa kwa antibiotiki. Kwa hiyo idadi ya mihtasari iliyokubaliwa mimi sihangaiki nayo sana. Nauliza wamepima nini.

Sasa chukua mfano wa kwetu, ambao mimi naupenda kuliko yote. Unahusu chai.

Kuna saratani inaitwa saratani ya umio. Umio ni ule mrija wa kupitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni, na mtaani wengi husema tu "kansa ya koo". Ukiweka ramani ya ugonjwa huu Afrika, unapata ukanda unaoanzia Ethiopia, unashuka Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi, hadi Rasi ya Mashariki kule Afrika Kusini. Ukienda magharibi mwa bara, ugonjwa unapungua sana. Madaktari waliliona hilo tangu miaka ya 1960, akiwemo Denis Burkitt aliyekuwa Uganda. Kwa nini ukanda huu na si mwingine? Hakuna aliyekuwa na jibu kamili, na mpaka leo halijakamilika.

Tena aina yetu ni tofauti na ile iliyozoeleka sasa Marekani na Uingereza. Kule nyingi huanzia sehemu ya chini ya umio, karibu na tumbo, na zinahusishwa na kiungulia cha muda mrefu na unene. Yetu huanzia kwenye seli bapa za utando wa juu wa umio, ngozi ya ndani tuseme. Na kinachoumiza zaidi ni umri: mwaka 2010 madaktari wa Hospitali ya Tenwek, Bomet nchini Kenya, waliandika kuhusu wagonjwa wao wenye miaka 30 na chini ya hapo. Ugonjwa ambao vitabu vinasema ni wa wazee!

Pombe na sigara zinajulikana kuuchochea. Lakini wako akina mama wasiogusa vyote viwili nao wanaugua. Ndipo watafiti wakaanza kutazama vitu vya kawaida kabisa, moshi wa jikoni, meno, na kikombe cha asubuhi.

Shida ni kwamba ukimuuliza mtu, "Unakunywa chai ya moto?", umeuliza swali bovu. Rudi kwenye benchi la Babu uone. Moto wa nani? Mtu aliyekulia kwenye nyumba ya chai inayochemka atakuambia anakunywa ya vuguvugu, na anasema kweli yake.

Basi kundi la watafiti wa Moshi, wakishirikiana na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lililoko Lyon, Ufaransa, wakafanya jambo la rahisi mpaka unaona aibu kwamba halikufanywa mapema. Walikwenda kwa watu wa Kilimanjaro na kipimajoto. Mtu anamiminiwa chai kama kawaida yake, anasubiri anavyosubiri siku zote, na pale anapopiga funda la kwanza, joto linapimwa. Watu 188. Matokeo yakachapishwa mwaka 2015 na Munishi na wenzake: kwa wastani, funda la kwanza lilikuwa kwenye nyuzi 70.6.

Ili uelewe namba hiyo, kumbuka kwamba mwaka uliofuata, 2016, shirika lile la Lyon liliweka vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, kwenye kundi la vitu ambavyo "huenda" vinasababisha saratani kwa binadamu. Wastani wa Kilimanjaro ulikuwa tayari juu ya mstari.

Hapo naomba utulie kidogo, maana ndipo magazeti hupotosha. Kundi hilo halisemi hatari ni kubwa kiasi gani. Linasema ushahidi una nguvu kiasi gani. Pia katika kikao hicho hicho kahawa yenyewe ilisafishwa jina. Hapakuwa na ushahidi wa kutosha wa kuishtaki. Anayeshtakiwa ni joto. Chai, kahawa, uji au maji matupu ya moto, umio haujali jina la kinywaji.

Joto linafanyaje? Funda la moto likipita, seli za juu za utando zinaungua kidogo. Mwili unazibadilisha, seli mpya zinagawanyika kuziba nafasi. Mara moja si neno. Lakini mara tatu kwa siku kwa miaka ishirini, kila mgawanyiko ni nafasi ya kukosea kunakili vinasaba. Tena utando uliochubuka unapitisha kirahisi sumu nyingine, za moshi na za tumbaku. Kwa hiyo joto peke yake huenda lisitoshe, ila linafungua mlango.

Utafiti ule wa chai ulikuwa na jambo jingine lililonifurahisha. Waliokunywa chai ya maziwa waliinywa ikiwa na moto zaidi kuliko wa chai ya rangi, karibu nyuzi 2 zaidi kwa wastani, na waliimaliza haraka zaidi. Sababu kubwa ni kwamba chai ya rangi ilipoa kwa kasi mara mbili ya ile ya maziwa. Fikiria mvuke: kikombe kinapoa zaidi kwa kupoteza mvuke juu. Ukiona ule utando wa maziwa unaotanda juu ya chai, ambao wengine huuondoa kwa kijiko na wengine huupigania, unaona kitu kinachoweza kuuzuia mvuke usitoke. Ni mfuniko wa bure.

Bado kupima joto hakuthibitishi ugonjwa. Kwa hilo unahitaji kulinganisha wagonjwa na wasio wagonjwa. Magharibi mwa Kenya, kwenye hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret, walifanya hivyo kwa wagonjwa 430 na watu 440 wa kundi linganishi. Mwaka 2019 waliripoti kwamba uwezekano wa kuugua kwa wanaokunywa vya "moto sana" ulikuwa mara 3.7 ukilinganisha na wanaokunywa vya vuguvugu. Dar nako, Muhimbili na Ocean Road, umefanyika utafiti wa mtindo huo kuhusu saratani hii.

Mara 3.7 inatisha, najua. Ila fikiri kama mtafiti. Kwanza, ni mara 3.7 ya hatari ambayo kwa mtu mmoja mmoja bado ni ndogo. Wanywaji wengi wa chai ya moto hawataugua. Pili, walioulizwa walikuwa tayari wagonjwa, na mgonjwa hukumbuka maisha yake kwa namna yake. Ndiyo maana kile kipimajoto cha Moshi ni muhimu sana. Kikiunganishwa na maswali, kinatuonyesha neno "moto sana" linaangukia wapi kwenye nyuzi. Mimi hiyo ndiyo naiita mafanikio ya kupeleka mkutanoni.

Sasa upande ambao hauna furaha.

Mjomba wangu alikuwa na duka la vitenge Kariakoo kwa zaidi ya miaka ishirini. Kwanza chapati ikaanza kumkwama. Akawa anaisindikiza kwa chai, ya moto bila shaka, "ishuke". Akaenda duka la dawa, akaambiwa ni vidonda vya tumbo, akapewa omeprazole. Akarudi, akaongezewa. Hakuna aliyemuuliza: Kinachokukwama ni kigumu tu, au hata uji? Umepungua uzito? Alimeza vidonge miezi saba. Alipofika kupimwa kwa kamera, ule mpira mwembamba unaopitishwa mdomoni, njia ilikuwa imebaki nyembamba hata mate yalikuwa hayapiti vizuri. Na Muhimbili iko Upanga tu, kutoka dukani kwake bajaji haikupi nafasi ya kumaliza stori.

Vidonda vya tumbo huuma. Chakula kukwama njiani ni dalili nyingine kabisa. Kama wewe au mzee wako nyumbani chakula kinakwama, leo nyama, mwezi ujao wali, baadaye uji, usikubali kidonge bila kamera. Iulizie kwa jina: endoskopia.

Wengi hufika wakiwa wamechelewa kama mjomba, na hapo upasuaji mara nyingi hauwezekani. Kinachobaki ni kumwezesha mtu kula. Hapa kuna kazi nyingine ya Afrika Mashariki inayostahili makofi. Stenti ni bomba la waya wa chuma linaloingizwa likiwa limekunjwa, kisha linajipanua lenyewe na kuacha njia katikati ya uvimbe. Kwa kawaida daktari huongozwa na eksirei inayoonekana moja kwa moja kwenye skrini, mashine ambayo hospitali nyingi hazina. Tenwek walijifunza kuiweka kwa kutumia kamera peke yake, wakafuatilia mamia ya wagonjwa na kuchapisha matokeo. Baadaye muungano wa watafiti wa saratani ya umio barani, ulioanza mwaka 2016, ukashughulikia kupata stenti za bei nafuu na kufundisha madaktari wa hospitali nyingine za ukanda huu.

Stenti haiponyi. Mjomba alijua, daktari hakumficha. Lakini jioni ya siku ya pili alikula ugali laini na mchuzi wa samaki, pole pole, huku shangazi amekaa pembeni hasemi kitu. Alikula miezi mitano. Dada yangu alipouliza wamemtibu nani, ningemkumbusha ile sahani. Mtu fulani kwanza aliisimamia kama bango ukumbini, akiulizwa maswali na wenzake kama bomba litateleza, kama litatoboa, kama kweli eksirei si lazima.

Kule mkutanoni, saa nne ilipofika, tukatoka kwa chai. Chupa kubwa zimepangwa, sambusa, foleni. Nilikuwa na kipimajoto cha jikoni mfukoni, nilikinunua nikiwa nasoma kwa ajili ya makala hii. Nikakichovya kwenye kikombe changu: zaidi ya 70. Kwenye foleni wataalamu wa mfumo wa chakula walikuwa wanapuliza na kunywa.

Wiki iliyopita nilikipeleka kwa Babu. Alikiangalia kama mtu anayeangalia risiti ya TRA. Nikamweleza habari ya nyuzi 65, kwamba kahawa haina kosa, kwamba dakika chache za kusubiri zinatosha.

"Mjukuu wangu," akasema, "nikiwauzia ya kupoa, kesho wako kwa yule wa ng'ambo ya barabara."

Sikuwa na jibu. Akamimina vikombe vinne, akavipanga kwenye sinia, kisha akaanza kumsimulia mteja wa kwanza habari ndefu ya mechi ya Simba na Yanga, mkono wake ukiwa juu ya sinia. Nilipochovya kipimajoto alipomaliza, kilisoma 63.